Amplifaya Ndogo Yatosha Nyumbani

Mama mwenzangu, mtoto akianza kupiga gitaa la umeme kanisani, jiandae kwa ombi la pili. Gitaa hilo bila amplifaya halisikiki, na akiikosa nyumbani ataifuata iliko. Wetu, mwenye miaka 16, alianza kufanyia mazoezi kwenye baa moja ambako bendi huacha vyombo vyake mchana. Hakuwa anakunywa. Lakini njia ile sikuipenda, wala sikutaka kumnyima gitaa, kwani ndilo lililomrudisha kwenye kwaya ya vijana.

Baba yake alipendekeza tununue kubwa ya wati 100, ili kanisa nalo lifaidi. Nilimwomba tukae tufikiri. Wati 100 hazitoi sauti mara kumi ya wati 10. Masikioni ni kama mara mbili tu. Kwa chumba cha kulala, wati 10 zinatosha na kubaki. Tena ile kubwa ingechukuliwa na kwaya, mtoto akarudi kule kule baa! Baba watoto akacheka, akakubali.

Hapa nizungumze kama muuguzi. Ndani ya sikio mna seli zenye vinyweleo laini zinazopokea sauti, na zikifa hazioti tena. Sauti ya desibeli 85 mtu aweza kukaa nayo saa 8 kwa siku. Ikifika 88, saa 4. Ikifika 100, dakika 15 tu. Hata amplifaya ya wati 10 yaweza kufika hapo mtu akikaa karibu nayo. Hedifoni nazo humwokoa jirani, haziliokoi sikio zikifunguliwa sana. Mtoto akilalamika kwamba masikio yanalia baada ya mazoezi, usipuuze.

Basi tulitafuta yenye tundu la hedifoni, maana nafanya zamu za usiku. Fender Frontman 10G ya wati 10 ni nzuri, ila haitumii betri, na kwetu umeme hukatika. Tukachagua Roland Micro Cube GX. Ina wati 3 tu, lakini hutumia umeme au betri sita ndogo za AA. Tuliipata iliyokwisha kutumika, kwa fedha zangu za upatu, na ada ya shule haikuguswa.

Ukinunua iliyotumika, nenda na mtoto na gitaa lake. Ongeza sauti polepole usikie kama spika inakwaruza. Akigusa nyuzi akahisi umeme ukimtekenya, iacheni hapo hapo dukani, hata kama bei ni ya kutupa. Soma pia maandishi ya nyuma: zipo zilizotengenezwa kwa umeme wa Marekani wa volti 120, na ukizichomeka kwenye volti 230 za kwetu bila transfoma zinaungua. Na kijana asikudanganye kwamba gitaa la besi litapigwa humo humo. Spika ndogo hiyo itapasuka. (Sabufa ya sebuleni nayo nimeipiga marufuku.)

Siku hizi nikitoka zamu nalala hadi saa saba mchana, naye yuko chumba cha pili na hedifoni zake. Ninachosikia ni mguu wake ukigonga sakafu. Betri anajinunulia mwenyewe.