Ndoa ya Bati na Udongo

Katika karakana za jua kali za Kamukunji, jirani na mtaa wa Shauri Moyo, nyundo hazinyamazi kutwa. Mapipa makuukuu hukatwa, yakanyooshwa, yakakunjwa kuwa gamba la jiko lenye kiuno. Ndani yake hutiwa chungu cha udongo kilichochomwa tanuruni. Jiko hili lilienea nchini Kenya tangu miaka ya 1980, wazo lake likiwa limechotwa katika majiko ya Thailand.

Bati peke yake hupoteza joto na kuliwa na moto. Udongo peke yake huvunjika uangukapo. Viwili hivi vikiungana, kimoja hukisitiri kingine. Hata hivyo, bati hutanuka motoni kuliko udongo. Ndiposa fundi hujaza baina yao saruji iliyochanganywa na vamikulaiti. Akiharakisha, ufa hutokea, na hasara humwangukia mama wa Kaloleni aliyejinyima ili alinunue.

Fundi stadi hukigonga chungu kwa ukucha, akatega sikio: kilicho kizima hulia, chenye ufa huguna. Elimu hiyo ya mkono na sikio hairithiwi vitabuni. Waundao istilahi za sayansi kwa Kiswahili hawana budi kuteremka Kamukunji kabla wazee hawajaondoka nayo.