Maziwa Yanayounguza

Mama jirani yangu pale Nkamira alikataa kupasuliwa kwa sababu yangu mimi.

Usiku mmoja, tukisubiri maharagwe yaive, nilimsimulia nilivyotolewa apendiksi Goma kabla hatujakimbia. Walinichoma shindano juu ya kiganja, kwenye mshipa mwembamba kama uzi. Kisha mtu wa usingizi akasukuma dawa nyeupe kama maziwa. Mungu wangu! Moto ulipanda mpaka begani. Nikalia, “Inaniunguza!” na hapo hapo nikapotea. Nilipoamka sikuuliza, wala hakuna aliyenieleza. Miaka yote niliamini walikosea dawa. Ndivyo nilivyomwambia, tena nilinogesha. Si unajua hadithi za usiku.

Yeye alikuwa na uvimbe katika titi, mkubwa kama limau. Siku ya kwenda hospitali mjini Gisenyi akaniambia, “Sitaki yale maziwa yako. Niache nife na limau langu.”

Nilikosa usingizi. Asubuhi nikamwomba tuende tu tukaulize, mimi nitamtafsiria.

Kijana wa ikinya hakukasirika. Alicheka kidogo, akasema dawa haikukosewa. Inaitwa propofoli. Weupe wake ni mafuta ya soya ambayo dawa imechanganywa nayo, na kweli inaunguza inapoingia: bila kinga, karibu watu 6 kati ya 10 huumia. Maumivu ni ya sekunde chache, lakini ukiwa hujaambiwa, sekunde hizo unadhani unauawa.

Akashika mkono wa mama. “Mukecuru, hapa juu ya kiganja mshipa ni mdogo, dawa inagusa kuta zake moja kwa moja. Nitachoma hapa,” akagusa pale kiwiko kinapokunjwa. Huko mshipa ni mpana, damu ni nyingi, dawa inazimuliwa haraka. Tena ataanza na lidokaini, ile ile ya ganzi ya kung’oa jino: anafunga mkono kwa mpira, anaisukuma kidogo, anasubiri kama dakika moja, anafungua, ndipo maziwa yanaingia. Hakuahidi kwamba hatasikia chochote, maana kwa wengine bado inauma kidogo. Hilo ndilo lililomfanya mama amwamini, nadhani.

Hizo si mashine za Ulaya. Ni mpira, dawa ya bei ndogo na dakika moja. Na mtu wa kueleza. Watu wa mashirika hutuuliza kama tumeelewa, nasi tunaitikia ndiyo, kwa sababu foleni ni ndefu na Kinyarwanda chetu ni cha sokoni. Tuulizeni tunaogopa nini.

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akanipa kitenge chake nimshikie.

Jioni, midomo bado mikavu, nilimuuliza kama iliunguza.

“Kidogo, kama pilipili kwenye kidole,” akasema. “Wewe ulitia chumvi, mwanangu.”