Mdogo wangu na ile 'stimu' ya funga

Hivi msomaji, umewahi kuulizwa swali jepesi ukakosa jibu? Mimi yalinikuta Ramadhani ya mwaka juzi, muda ule wa alasiri ambapo Mtaa wa Kongo, hapa Kariakoo, unakuwa kama siafu waliomwagiwa maji. Nilikuwa nasifia funga. Nikamwambia mdogo wangu kwamba ikifika siku ya nne, ya tano, njaa inakaa pembeni, kichwa kinakuwa chepesi, mtu unausikia mpaka moyo wako unavyodunda.

Akanitazama, akasema: "Braza, hicho kichwa chepesi mimi nakijua. Nilikuwa nakinunua kwa kete."

Mdogo wangu alikuwa teja. Sipambi maneno. Miaka sita ya unga, na alianza si kwa sababu ya uhuni. Mama alifariki, matanga yakaisha, watu wakaanua turubai wakaondoka, na yeye akawa anataka kitu kimoja tu: kelele za kichwani zinyamaze. Sasa mimi ninayefunga nimtulize nani? Si kelele hizohizo?

Nililibeba swali hilo siku nyingi. Najua wanavyoeleza wataalamu, kwamba ukikaa saa nyingi bila kula, mwili unamaliza akiba ya sukari iliyoko kwenye ini, unaanza kuchoma mafuta. Sawa. Lakini siku ya kawaida nikikosa chakula cha mchana kwa sababu ya wateja, sipati wepesi wowote. Napata hasira tu, na mteja wa mwisho ndiye anayeipata freshi!

Jamaa mmoja wa duka la jirani aliwahi kuamua kwenda kwa njia ya mkato. Akanunua kungumanga, hizihizi za kutia kwenye pilau, akazisaga nyingi akanywa, ati anataka "kufunguka". Saa ya kwanza kimya. Saa ya pili kimya, akaanza kutucheka. Jioni mdomo ukamkauka kama karatasi, moyo ukamwenda mbio, akalala siku mbili anaogopa hata kuzima taa. Alichokiona huko hajatueleza mpaka leo.

Na wala si wa kwanza. Malcolm X, yule Mmarekani mweusi aliyefika Dar Oktoba 1964 akaonana na Mwalimu Nyerere, ameeleza katika kitabu cha maisha yake kuwa alipokuwa gerezani alikoroga kungumanga ya kujaa kasha la kiberiti kwenye maji ili apate stimu. Kilichombadilisha hakikuwa hicho. Ilianza na barua ya mdogo wake, Reginald, iliyomtaka aache nyama ya nguruwe na sigara. Yaani alianza kwa kujizuia, na aliyemshika mkono alikuwa ndugu yake.

Hata hao Wazungu wanaochunguza uyoga unaoleta maono hawamwachi mtu peke yake. Mwaka 2006 Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kilitoa matokeo ya watu waliopewa psilosaibini, kemikali ya uyoga huo. Wengi walisema yaliyowapata ni kati ya mambo makubwa ya kiroho maishani mwao. Ila ukisoma vizuri utakuta walitayarishwa kwa mazungumzo kabla, na siku yenyewe kuna watu wamekaa nao mpaka mwisho.

Hapo ndipo nikapata la kumwambia dogo. Funga ina watu. Vijana wanakuamsha daku kwa madebe, muuza chai wa kona anafunika birika, na adhana ya magharibi ikilia mtu usiyemjua anakushikisha tende. Mpangaji mwenzetu, mlokole, anapofunga kavu siku tatu huwa wanafunga kundi zima, na wanapigiana simu kuulizana hali. Kete ina nani? Ukimaliza ni wewe na arosto yako.

Alinisikiliza vizuri. Mno. Ramadhani ya mwaka jana ilipokaribia akaja kuniambia: "Mwaka huu nafunga. Naacha na dawa."

Basi bwana, nikaishiwa nguvu. Dawa aliyokuwa anaisema ni methadoni, hii ambayo ilianza kutolewa Muhimbili mwaka 2011 na baadaye Mwananyamala na Temeke. Mgonjwa anainywa kila siku mbele ya muuguzi. Anakokwenda yeye hutolewa asubuhi, daku imeshapita, kwa hiyo akinywa hana funga. Alikuwa anaona aibu. Watoto wa barazani walishaanza kumwita kobe, jina la mtu mzima anayekula mchana watu wamefunga. Lakini mtu akiiacha ghafla arosto inamrudia, na akirudi kwenye unga kwa kipimo chake cha zamani, mwili ulishasahau. Nimezika wawili wa kijiweni kwake kwa mtindo huo.

Sikumbishia. Nilimpeleka kwa muuguzi kwanza, akatuambia dawa hupunguzwa polepole na daktari, haikatwi kama umeme. Kisha tukaenda kwa ustadhi wetu. Yeye aliuliza kitu kimoja tu: "Daktari kasemaje?" Tulipomjibu, akamfungulia Sura ya Baqara, aya ya 184, inayozungumzia mgonjwa. Akamwambia ikiwa ugonjwa wako hauna tarehe ya kupona, toa fidia, kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku, umpe maskini.

"Kwa hiyo mimi nalipa faini?" dogo akauliza, sura imemshuka.

Ustadhi akacheka. "Faini hulipa mwenye kosa, kijana. Wewe unaumwa."

Basi akawa kila jioni akishusha guta lake anapima mchele mwenyewe, kwa hela yake, anaupeleka kwa mzee mmoja Mtaa wa Sikukuu. Sikuwahi kumkumbusha. Wale watoto waliendelea na ukobe wao siku tatu nne, wakachoka.

Kumi la mwisho tuliingia itikafu wote wawili. Kariakoo hunyamaza kwa saa chache tu, kuanzia kama saa nane usiku, kabla magari ya mboga hayajaanza kuingia. Muda huo unasikia feni na tasbihi ya mwenzako. Usiku wa 27 mimi usingizi ulinibeba, nikazinduka shingo imepinda. Yeye alikuwa palepale, ameegemea nguzo, mdomo unacheza. Nikamuuliza kafika ngapi. Akaniashiria kwa kidole ninyamaze.