Haisikiki

Kazi inayonilipia chumba ni ya kusikiliza. Watu hunitumia rekodi za mikutano, mahojiano, wakati mwingine hata kesi za mashamba, nami nazigeuza kuwa maandishi. Nikifika mahali ambapo sauti imemezwa na pikipiki au jenereta, naandika neno moja ndani ya mabano, *haisikiki*, halafu naendelea. Siku mbaya naliandika mara arobaini. Sijawahi kuliwazia hilo neno mpaka Desemba iliyopita, nilipofika dakika ya kumi na saba ya rekodi niliyoifanya mwenyewe.

Anayeongea ni ayeeyo, mamake hooyo. Tulikuwa uani kwake, Garissa, saa kumi na mbili jioni, joto likianza kulegea. Niliweka simu kwenye mkeka nikamwambia aanze popote. Alianza na Novemba 1980.

Kama hukukulia huku, hiyo Novemba labda hukufundishwa shuleni. Maafisa wa serikali waliuawa mjini, na askari wakaja kulipiza. Mtaa wa Bulla Kartasi ukachomwa. Watu wakakusanywa kwenye uwanja wa shule ya msingi na kuzuiliwa hapo siku kadhaa, bila chakula, bila maji. Waliokufa ni wangapi? Mpaka leo pande zote hazijakubaliana. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyotoka 2013, ililiandika tukio hilo pamoja na mengine ya kaskazini. Sisi tunaliita Garissa Gubay, na gubay kwa Kisomali inatokana na kuchoma.

Usiku huo ayeeyo alikuwa amembeba hooyo mgongoni, mtoto wa miaka miwili, huku akimtafuta kakake mdogo. Alipofika hapo kwenye simulizi alifanya kitu ambacho sikukitarajia. Hakuniambia kwamba alimwita. Alimwita. Alitoa jina lake lote kwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya moto. Mbuzi wa jirani walishtuka. Na mimi pia.

Usiku nikavaa vipokea sauti vya masikioni nisikilize tena. Jina halipo. Mahali pake pana mkwaruzo tu, kama karatasi inayochanwa.

Nilimtumia rafiki yangu anayerekodi wasanii kule Eastleigh. Akajibu kwa neno moja la Kiingereza: clipping. Nikampigia anieleze kama mtoto. Akasema simu ina dari yake. Sauti ikipanda zaidi ya hiyo dari, simu haijui iipeleke wapi, inaikata kilele. Nifungue kwenye kompyuta nitaona: mawimbi mengine yana ncha kama vilima, lakini hapo kwa ayeeyo yako bapa, kama vilima vilivyopitiwa na panga. "Si unaweza kurudisha?" nikauliza. "Kuna programu za kubahatisha," akasema. "Itakuchorea kilele. Lakini si chake."

Neno lenyewe halikuwa geni. Mwaka wa kwanza chuoni, kabla karo haijanifanya nikatize masomo, mhadhiri wa isimu alitufundisha clipping nyingine kabisa: kukata neno ukabaki na kipande. Dereva anakuwa dere. Kondakta anakuwa konda. Nairobi inakuwa Nai, matatu inakuwa mat. Darasa lote lilicheka kwa sababu ndivyo tunavyoongea kila siku, ni vile tu hatukujua kwamba kuna mtu ameketi akalipa jina. Nakumbuka alichosema baadaye: dere inafanya kazi kwa sababu kila mtu bado anaijua dereva. Kizima kiko kichwani mwa wote.

Hiyo sentensi ndiyo kitu pekee cha chuo ambacho bado nakitumia. Tangu niione ile mistari bapa, kila ninapoona kitu kimekatwa najiuliza: kizima kiko kwa nani?

Nenda soko la mifugo la Garissa, moja ya masoko makubwa ya ng'ombe Afrika Mashariki, uangalie masikio ya mbuzi na kondoo. Utaona moja limechanjwa ncha, lingine limetobolewa pembeni. Hizo kata ni anwani. Mzee akiona sikio anajua mnyama ni wa ukoo gani, na mbuzi akipotelea malishoni, sikio ndilo linalomrudisha nyumbani. Kipande kidogo cha ngozi kimetoka, lakini maana imeongezeka, kwa sababu ukoo mzima unakumbuka alama yake.

Sasa njoo kwa abti, kakake hooyo. Yeye ana kopo la maziwa ya unga lililojaa vipande vya magazeti, ambavyo hukata kwa wembe, taratibu, kama kinyozi. Kuna ukame, kuna mafuriko ya Tana, kuna mechi za Harambee Stars. Kuna pia vipande vingi vya Aprili 2015, baada ya magaidi kuingia Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 na kuua watu 148, wengi wao wanafunzi wa rika ambalo mimi niko sasa. Wakati ule watu walianza kuweka mitandaoni majina na picha za waliouawa, wakisema kwamba 147, idadi iliyokuwa imetangazwa kwanza, si nambari tu. Walikuwa wanajaribu kurudisha kizima.

Geuza kipande chochote cha abti upande wa pili na utakuta nusu ya tangazo la matangi ya maji. Yeye hakuikata hiyo habari kwa makusudi. Ilikaa tu nyuma ya aliyoitaka. Nami huwa nawaza kwamba kwa watu wengi wa Nairobi, mji wetu mzima ni hilo tangazo la nyuma. Wamehifadhi siku moja ya Aprili, na kwa wembe huohuo wakatupa soko, madrasa, chai ya maziwa ya ngamia, mafundi wa simu, mapenzi. Kuhusu 1980 kopo halina hata kipande. Abti alikuwa na miaka saba.

Kuna kata nyingine ambayo huku kwetu haihitaji maelezo. Nilipomwambia hooyo, "Sauti ya ayeeyo imekatwa," aliacha kukoroga chai akaniangalia. "Tafuta neno lingine," akasema. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2014 ulionyesha kwamba Kaskazini Mashariki, karibu wanawake wote wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Sheria ya 2011 inakataza. Lakini msichana akiwa na miaka saba, kizima hakikai kichwani mwake hata akikumbuke. Ni wengine ndio waliomwamulia kwamba hicho ni cha kutupwa. Sikupata neno lingine. Nilinyamaza tu, tukanywa chai.

Ile rekodi nilikuwa nimeahidi kumpelekea mhariri wa ukurasa mmoja wa video. Akaisikiliza, akanipigia haraka. Alitaka klipu ya sekunde arobaini: kuanzia pale sauti inapopanda hadi pale ayeeyo anaponyamaza. "Toa hiyo historia yote ya mbele," akasema, "watu watapita. Huo mkwaruzo ndio mzuri, unauma." Pesa aliyotaja ni kodi ya miezi miwili, na nilikuwa na deni la mmoja. Wacha nisijifanye shujaa: nilishaikata. Faili ilikuwa tayari, sekunde thelathini na nane. Kilichobaki kilikuwa kubonyeza.

Kabla ya kutuma nilirudi kwa ayeeyo nikamchezea. Aliinama karibu na simu, akasikiliza mpaka mwisho, akaomba nirudie.

"Hawa watu watakaoiona," akauliza, "watajua nini?"

"Kwamba uliita."

"Na yeye? Watajua nini kumhusu?"

Sikuwa na jibu. Hakunikemea. Aliniuliza tu kama simu ina chaji.

Basi akaanza upya, safari hii polepole, kama anayehesabu tasbihi. Kakake alikuwa mwenye shoto, na alichapwa kwa hilo madrasani. Aliogopa mto lakini hakutaka ijulikane, kwa hiyo kila mara alikuwa na sababu ya kutokwenda kuogelea. Aliwahi kuuza mbuzi wa babake kwa siri akanunua redio, na babake, baada ya hasira ya wiki nzima, akawa ndiye anayeisikiliza zaidi. Ayeeyo alilitaja jina lake mara nyingi kiasi kwamba niliacha kuhesabu. Alilitaja kwa sauti ya kawaida, ya mtu anayemwongelea mtu aliyetoka kidogo tu. Nilikuwa naitazama ile alama ya sauti kwenye skrini. Haikuwa nyekundu hata mara moja.

Rekodi hiyo ina saa mbili na dakika kumi. Mhariri nilimwambia nitampa yote au nisimpe kitu, na mpaka leo hajanijibu. Deni la kodi nililimaliza Februari kwa kesi za mashamba.

Nimeshaandika zote mbili, neno kwa neno, na nakala iko kwenye kopo la abti, juu ya magazeti. Jina liko humo. Hapa ayeeyo amesema nisiliweke, na ni lake kutoa au kunyima. Nilipofika dakika ya kumi na saba ya ile ya kwanza, vidole vyenyewe vilikuwa tayari vimefungua mabano. Nikafuta. Nikaandika: *anamwita kakake*.