Kimoja Kati ya Vinane

Wahenga walinena: samaki mmoja akioza, wote wameoza. Ndugu msomaji, katika kompyuta methali hii haifai.

Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Hivyo Commodore 64, iliyotoka mwaka 1982, ilikuwa adimu mno hapa Mpanda. Ya marehemu baba, aliyorudi nayo kutoka masomoni Uingereza, ndiyo pekee iliyoweza kusoma kaseti zenye mashairi yake. Siku moja kioo kikabaki cheusi. Jamaa wakashauri itupwe.

Kumbukumbu ya mashine hiyo hukaa katika vipande vinane. Kila herufi hugawanywa sehemu nane, kila kipande kikishika moja. Kimoja kikifa, herufi zote huharibika. Fundi redio wa Makanyagio alivigusa kwa kidole: saba vilikuwa vuguvugu, cha nane kikamuunguza. Kizima kikaja kwa reli ya Kaliua, iliyojengwa kwa ajili ya risasi ya Mpanda. Naye fundi akayeyusha risasi, akakipachika. Mashairi yakasomeka.

Basi mzee wako akisahau jina lako, usidhani amesahau yote. Keti naye, umsikilize.