Turbo ya Kuunga, Gari ya Marehemu Baba: Yaliyomkuta Kijana wa Tabata

Kwa wanaofuatilia kurasa za magari hapa Dar, ile klipu ya GX100 nyeupe usiku kwenye Barabara ya Mandela huenda mmeiona. Sekunde chache tu: gari inavuta, jamaa anaachia mguu, turbo inapiga "pssst", washkaji siti ya nyuma wanapagawa. Komenti zikajaa moto. Ambacho klipu haikuonyesha ni kwamba gari yenyewe ni ya marehemu baba yake, na ndiyo inayompeleka mama yake kliniki ya presha kila mwezi.

Jina linahifadhiwa. Ni kijana wa miaka 26, fundi simu, mpenzi wa magari kupitiliza. GX100 yao ina injini ya 1G-FE, silinda 6, cc 2000, haina turbo toka kiwandani. Ndoto yake ilikuwa 1JZ-GTE, ile ya cc 2500 iliyokuja na turbo zake kwenye Mark II na Chaser za Tourer V. Bei yake hakuiweza. Akaamua kuunga.

Gerezani akapata turbo iliyotolewa kwenye Subaru, na intakula ya mtumba. Fundi wa kuchomelea akamtengenezea manifodi ya mabomba ya chuma, akatoboa sampu ili oili ya turbo ipate pa kurudia, wakaunga njia ya hewa kwa mipira na klempu. Wiki tatu, akiba yote ikaisha. Gari ikawaka.

Turbo yenyewe siyo uchawi. Moshi unaotoka kwenye injini unazungusha feni, na upande wa pili wa shafti ileile kuna feni nyingine inayosukuma hewa kuingia kwenye silinda. Shafti hiyo inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ndiyo maana oili ikikatika kidogo tu imekwisha. Wazo lenyewe ni la zamani: Mswisi Alfred Büchi alilipatia hataza mwaka 1905.

Kabla ya kuanza kutamba barabarani, jamaa aliipeleka kwa fundi mmoja mtu mzima pale Ilala.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Fungua boneti."

Mzee akaangalia kimya, kisha akauliza, "Hewa umeongeza. Mafuta umeongeza wapi?"

Hapo ndipo penye mchezo wote. Ukisukuma hewa kwa psi 7, umeongeza karibu nusu ya hewa ambayo injini imezoea kuvuta. Petroli nayo lazima iongezeke kwa kiasi kama hicho, na zaidi kidogo, maana ile ya ziada ndiyo inayopooza silinda. Nozeli zake zilikuwa zilezile za kiwandani, kontroo boksi ileile. Halafu injini isiyo ya turbo hubana hewa sana: 1G-FE inakaribia 10 kwa 1, wakati 1JZ-GTE ya mwanzo ilipangwa 8.5 kwa 1 ili ibaki nafasi ya turbo. Hewa nyingi, mafuta machache, mbano mkubwa: petroli inalipuka yenyewe kabla ya wakati, joto linapanda, na pistoni ni aluminiamu, kitu kinachoyeyuka kwa nyuzi 660 tu.

Mzee akamshauri ashushe presha mpaka psi 4 au 5, atafute nozeli kubwa, pampu ya mafuta, mtu wa kuiprogramu upya, na geji ya kumwonyesha mchanganyiko wa hewa na mafuta. Jamaa akapiga hesabu: hivyo vyote vilizidi bei ya turbo yenyewe.

"Na gari hii nyumbani nani anaitegemea?" mzee akauliza.

"Ni yangu, mzee."

Baada ya wiki mbili za raha, ikanoki. Moshi wa bluu, mlio wa chuma, kimya. Walipofungua, pistoni ya silinda ya 5 ilikuwa na tundu.

Kliniki ilikuwa kesho yake. Mama alikwenda kwa bajaji, akarudi, hakugomba. Alisema hivi tu: "Mwanangu, ungeniambia mapema kwamba ni ya kuchezea, ningeshazoea daladala."

Kaka mkubwa ndiye aliyewaka. Wiki nzima hawakusemeshana. Mwisho akatoa nusu ya hela ya injini ya mtumba, kwa sharti moja: turbo isiiguse tena gari ya mzee. Nusu nyingine jamaa analipa kidogo kidogo kila mwezi, na Jumanne za kliniki anafunga kibanda chake anamwendesha mama mwenyewe, taratibu, mkono wa kushoto.

Picha ya pistoni iliyotoboka aliiposti. Kucheka walicheka, ila mafundi kadhaa walimfuata inboksi, na kwa mara ya kwanza maongezi yalikuwa ya nozeli, siyo ya sauti. Turbo iko kwenye kiroba chini ya kitanda. Anasema bado anaitaka ndoto yake, ila kwa gari atakayonunua mwenyewe, na kitu cha kwanza kununua kitakuwa geji.

Wadau, ungekuwa wewe ndiye kaka mtu, hiyo nusu ungeitoa? Na mlioshawahi kuunga turbo, mlianzia wapi? Shusheni maoni hapo chini.