Kalipa Mara Moja, Daftari Laandika Mara Mbili

Leo nakiri kosa. Mama muuza samaki hapa Malindi alinipigia simu: “Mwanangu, daftari lako lasema elfu sita, mbona M-Pesa ina elfu tatu?”

Kosa lilikuwa langu. Mteja akishaweka PIN, jibu huja baadaye, hivyo programu huacha fanksheni ya kulipokea: kolibaki. Zangu nilizipachika moja ndani ya nyingine, mbili zikaandika malipo yaleyale.

Sasa natumia RxJS. Kolibaki ni moja, kazi yake kusukuma majibu kwenye mkondo. Humo nayachuja: ResultCode iwe 0, CheckoutRequestID isijirudie. Mwisho wa mkondo, mahali pamoja tu ndipo panapoandika daftarini.

Mama kaniamini tena. Nyie je, kolibaki zenu zimekaaje?